Mama Mkwe Kasukuma Gari

Mama mkwe wangu amesukuma gari langu. Naandika hivyo masikio yakiwa bado ya moto, maana udongo mwekundu wa Lushoto haujatoka hata kwenye zulia la gari, na picha, naambiwa, imeshaingia kwenye grupu la ukoo.

Tulikuwa tunapandisha vyombo vya shughuli ya harusi: masufuria ya pilau, kreti za soda, shemeji kiti cha nyuma kabanwa na masufuria hayo, na mama mkwe mwenyewe mbele, kavaa kitenge chake cha kutokea. Kutoka Mombo hadi Lushoto mjini ni lami. Ina kona, ina korongo, lakini ni lami, na kigari changu cha cc 1300 kilipanda kwa kelele nyingi bila kumkosea mtu adabu. Tulipoiacha lami mambo yakabadilika. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Kilima cha kwanza tukakipita tukicheka. Cha pili gari likaanza kwenda ubavu ubavu, katikati ya mwinuko likasimama, tairi la mbele kushoto likizunguka peke yake na kurusha tope hadi kwenye migomba ya watu.

Nikakanyaga mafuta. Tairi likazunguka zaidi.

"Mkwe, linakwenda?" mama akauliza kwa upole.

"Linakwenda, mama."

Halikuwa linakwenda. Shemeji akashuka, akasukuma. Vijana wa bodaboda wakaegesha pikipiki zao, wakasukuma. Kisha nikasikia mlango wa mbele unafunguka, na kabla sijamaliza kusema "mama, tafadhali", mama mkwe alishavua viatu, kajifunga kanga kiunoni, yuko nyuma ya buti bega kwa bega na wale vijana, na yeye ndiye anayehesabu moja, mbili, tatu. Kwetu, mtu na mama mkwe wake hata kusalimiana kuna taratibu zake. Taratibu za yeye kukusukuma hazipo, kwa hiyo sikujua nimtazame kwenye kioo au niangalie mbele. Nikaangalia mbele.

Na mbele ndiko ilikotokea Hilux. Dabo kebini nyeupe, namba E, injini ya dizeli ya lita 2.8. Kwenye usukani alikuwa mtoto wa dada yake mke wangu, kijana niliyemlipia ada ya kidato cha tatu, anatafuna bazoka.

"Shikamoo ba'mdogo. Umekwama?"

Hakushuka. Alinipita kwa pembeni, mahali ambapo mimi nisingepita hata kwa miguu, akageuza, akapanda tena hadi mbele yangu, akasimama. Vijana wakafunga kamba ya katani. Yeye akaweka fowili, akaachia breki, na ile injini haikupandisha hata sauti. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mimi nilikuwa nimelifanya gari langu lilie bonde zima likasikia. Yeye alinichomoa topeni kwa mngurumo ule ule wa gari lililosimama kusubiri abiria.

Mama mkwe akafuta miguu kwenye majani, akafungua mlango wa Hilux, akaingia. "Hili ndilo gari," akasema. Hakunong'ona. Nikaburuzwa hivyo hadi mbele ya maturubai, wageni wakiwa wamesimama na sahani mkononi.

Tangu siku hiyo nasoma habari za injini ya dizeli hadi usiku wa manane. Mke wangu anadhani nina madeni. Injini ya petroli inabana hewa pamoja na mafuta, kisha plagi inapiga cheche. Dizeli haina cheche. Inavuta hewa tupu na kuibana mpaka ibaki takriban sehemu moja ya kumi na sita ya nafasi iliyokuwa nayo, na hewa ikibanwa hivyo inapata moto. Ukitaka kuamini, shika pampu ya baiskeli pale chini ukimaliza kujaza tairi. Ndani ya silinda joto linapita nyuzi 500 za Selsiasi. Hapo nozeli inapuliza dizeli, na dizeli inawaka yenyewe, haijaguswa na mtu.

Mpulizo wenyewe ndio ulioninyima usingizi. Tairi zangu zinajazwa upepo wa psi 32. Kwenye injini ile ya 2.8, mgandamizo wa mafuta kabla ya kuingia nozeli unaweza kufika megapaskali 220. Piga hesabu: ni upepo wa tairi langu mara elfu moja, unaopitishwa kwenye matundu ya takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Ndiyo maana mafuta ya dumu yenye maji na mchanga yanaziua nozeli za kisasa, na fundi akikutajia bei ya mpya unatafuta pa kukaa. Halafu ule moshi ambao gari langu linautupa bure, kwenye Hilux unapitia tabo kwanza, unaizungusha, na tabo inashindilia hewa zaidi ndani ya silinda.

Matokeo yake ni newtonmita 500 za nguvu ya kuzungusha kwenye ile ya otomatiki, na zinapatikana injini ikiwa kwenye mizunguko 1,600 tu kwa dakika. Kigari changu hakifiki 130, na hizo kidogo zenyewe mpaka injini ipite mizunguko 4,000. Kwenye tope huwezi kufika huko, tairi linakuwa limeshateleza zamani. Tena mlimani uzito wa gari unarudi nyuma, wakati langu linavutwa na tairi za mbele, ambazo ndizo zinabaki hazina uzito. Aya hii naomba isomwe kwenye kikao cha ukoo.

Rudolf Diesel, Mjerumani aliyeifanya injini hii ikafanya kazi huko Augsburg mwaka 1897, hakuifaidi sana. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya aina yake ilizungushwa kwa mafuta ya karanga, jambo ambalo lingetufaa sana sisi. Mwaka 1913 alipanda meli Antwerp kwenda Uingereza, na usiku akatoweka baharini. Mimi pia nilitamani kutoweka, ila Lushoto hakuna bahari.

Kurudi kutoka kwenye shughuli nilipewa lifti kwenye bodi la Hilux hiyo hiyo, pamoja na mbuzi. Springi zilizotengenezwa kwa mzigo wa tani moja hazina habari na mtu wa kilo sabini.

Wiki iliyofuata niliingia duka la magari mapya Dar es Salaam, na muuzaji akaniuliza bosi wangu anataka rangi gani.

Siwezi kumlaumu sana. Dabo kebini mpya inapita shilingi milioni 100, na ndani ya bei hiyo kuna VAT ya asilimia 18. Wanaozinunua ni serikali, migodi, wakandarasi na miradi. Mkulima wa Lushoto, ambaye kabichi na karoti zake zinaliwa Dar es Salaam, anazishusha hadi barabarani kwa bodaboda au kichwani kwa mkewe, na akichelewa kwa sababu ya tope, mnunuzi anamtajia bei anayoitaka yeye.

Sasa niseme jambo ambalo nililiona nikiwa nimefungwa kamba nyuma ya ile Hilux, maana nilikuwa na muda wa kusoma. Gari si la yule kijana. Ni la mkandarasi aliyemwajiri, na kwenye mlango wa nyuma wa bodi limeandikwa mradi wa matengenezo ya barabara. Barabara yenyewe ni ile ile iliyonikwamisha. Mradi umenunua gari lisilohitaji barabara, kwa hiyo barabara imesubiri. Wahandisi wanapanda, wanashuka, viatu vyao safi, na kwenye ripoti nina hakika inasomeka kuwa inapitika. Kwao inapitika. Nusu ya mapenzi yetu kwa haya magari, ukiyachunguza, ni hiyo tu: tunatamani newtonmita 500 ili tufike harusini, mahali ambapo kalvati mbili na kifusi cha changarawe vingetufikisha kwa 130.

Ombi langu kwa wahusika ni dogo. Siku ya kukagua barabara ile, mkaguzi apewe gari la cc 1300, na apelekwe mwezi wa nne.