Mbu Aliyegoma Kunyonya

Cheo cha mtu wa kompyuta ofisini hakitangazwi gazetini wala hakina usaili. Unakipata siku unapochomoa karatasi iliyonasa kwenye printa mbele ya mashahidi. Tangu hapo, simu ya mkuu ikikataa kuchaji unaitwa, kiyoyozi kikivuja unaitwa, na ikitokea semina yenye projekta, jina lako linaingia kwenye orodha ya wasafiri kabla hujaulizwa kama una shughuli zako. Mimi cheo hicho ninacho. Posho yake ni sawa na ya dereva, ila dereva akishafika anaruhusiwa kulala.

Ndivyo nilivyojikuta Morogoro, kwenye semina ya malaria ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii na watendaji wa kata, nimekaa nyuma ya meza ya kitambaa cha buluu katikati ya nyaya. Mtoa mada alikuwa daktari wetu, mama mwenye heshima zake, ambaye wiki nzima ofisini alikuwa na habari moja tu: slaidi ya nane. Kwenye slaidi ya nane kulikuwa na mbu, na mbu huyo alikuwa anacheza. Anatua juu ya ngozi, anainua tumbo juu kama ilivyo desturi ya Anofelesi, anachomeka mdomo, halafu tumbo linaanza kujaa taratibu, linaacha ukahawia wake, linakuwa jekundu, mpaka wewe mtazamaji unajikuna. Mwenzetu mmoja aliyeonyeshwa kwenye simu wakati wa chai aliiweka sambusa yake chini.

Slaidi ya nane ikafika. Mbu akatokea, tumbo juu, mdomo hewani, akatulia.

"Sasa mwangalieni," daktari akasema kwa tabasamu.

Tukamwangalia. Naye akatuangalia.

"Kijana," mgeni rasmi akaniita, kwa ile sauti ya upole inayotisha kuliko ukali. "Huyu amekufa?"

"Hapana mzee, ameganda."

"Basi mgandue."

Picha ikigoma kucheza mbele za watu, kila aliyemo ukumbini anageuka fundi. Mtendaji wa safu ya mbele akasema kosa ni la projekta, akasahau kwamba projekta haina maoni, inatupa ukutani kile ilichopewa. Mama mmoja wa nyuma akasema laptopu imeishiwa bando. Mwingine akataja virusi, na kwa kuwa tulikuwa kwenye semina ya afya, neno hilo likapokewa kwa uzito wake wote. Mhudumu mmoja wa kijiji, mtu aliyesoma vizuri makabrasha yake, akasimama akasema pengine mbu yule ni dume, maana dume hanyonyi damu. Daktari akamtazama kwa jicho la mtu aliyesalitiwa na somo lake mwenyewe.

"Bonyeza F5!" akapaza sauti kijana mmoja mlangoni.

Huyo ndiye aliyekuwa na hoja. Programu za slaidi, hasa za miaka ya nyuma, zina hali mbili. Kuna hali ya kuhariri, ambamo picha hukaa kimya ikionyesha sura yake ya kwanza tu, na kuna hali ya maonyesho, ambamo ndipo inapocheza. F5 ndiyo inayokuvusha. Nikabonyeza. Bahati mbaya laptopu ile ilikuwa ya hizi za kisasa zinazotaka kwanza ushike Fn, kwa hiyo kilichotokea ni taa za kibodi kuwaka. Baadhi ya watu wakapiga makofi.

Nikashika vyote viwili. Maonyesho yakaanzia slaidi ya kwanza, nikasogeza mpaka ya nane, ikajaa ukuta mzima, mbu akawa mkubwa kama mbuzi, na bado hakunyonya. Nikaingia kwenye mipangilio ya maonyesho kutazama kile kisanduku ambacho mtu akikiwekea tiki, programu inaonyesha slaidi bila animesheni. Kilikuwa kitupu. Mshereheshaji, mtu mwenye akili, akatangaza chai kabla ya wakati wake, na ukumbi mzima ukamsamehe mbu papo hapo. Nikabaki naye peke yangu.

Picha hizi zinazocheza ni faili za GIF. Zilizaliwa mwaka 1987 katika kampuni ya Marekani iitwayo CompuServe, kazi ya timu iliyoongozwa na Steve Wilhite. Mwaka huohuo PowerPoint nayo ilitoka, wakati huo ikiwa ya kompyuta za Macintosh, na kabla mwaka haujaisha Microsoft walikuwa wameshainunua kampuni iliyoitengeneza kwa dola milioni 14. Kwa hiyo GIF na PowerPoint ni marika, ila kuwa rika moja na mtu hakukulazimishi kumchekea. Ndani ya GIF mna picha nyingi za kawaida zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, kila moja na rangi zisizozidi 256, ambazo kwa mbu ni nyingi kupita haja yake. Toleo la 1989 likaongeza muda wa kusubiri kati ya picha na picha, na hapo ndipo zilipoanza kucheza kwa mpangilio.

Toleo hilo lina tabia moja ninayoipenda: linajitambulisha lenyewe. Ukilifungua faili kwa Notepad utakutana na vurugu ya herufi zisizosomeka, lakini mwanzoni kabisa pameandikwa wazi, GIF89a. Ni kitambulisho cha taifa, na hakighushiwi kwa kubadilisha jina la nje. Kwenye flashi ya daktari, pembeni ya slaidi, kulikuwa na faili linaloitwa mbu.gif. Nikalifungua. Mwanzoni pale, katikati ya takataka, palikuwa na herufi JFIF. Hiyo ni alama ya JPEG, picha ya mnato. Mtu alikuwa ameifuta jpg ya mwisho wa jina akaandika gif, akategemea mbu aitikie. Lakini kumwita marehemu kwa jina lake hakumfufui.

Nikashika kikombe cha chai nikaanza kuuliza, kwa adabu, maana waliohusika wote walinizidi cheo. Hadithi ikajipanga. Mpwa wa daktari, kijana wa chuo, ndiye aliyekuwa na mbu mzima. Alimtuma kwa simu, na programu ya ujumbe, kwa nia njema ya kubana matumizi, ikamgeuza kuwa video fupi isiyo na sauti. Katibu muhtasi akashindwa kuiingiza video kwenye slaidi, na kwa kuwa hakutaka kumsumbua bosi, akapiga skrinishoti. Akachagua, kwa maneno yake, "pale alipopendeza, kabla hajajichafua na damu." Mhasibu akakata kingo ili apendeze zaidi. Afisa takwimu akagundua mbu hachezi, akakumbuka kwamba picha zinazocheza huishia na gif, akambatiza upya. Hapakuwa na adui hata mmoja katika safari ile yote. Kila aliyemgusa mbu alikuwa anasaidia. Wahenga walisema wema hauozi. Hawakusema kama unaganda.

Nikampigia yule mpwa.

"Shikamoo anko."

"Marahaba. Yule mbu wa shangazi yako bado unaye?"

"Yupi, anko? Ninao wengi."

Nikamwambia anitumie wote, na asiwatume kama picha, awatume kama dokumenti, maana dokumenti husafiri kama ilivyo bila programu kuitia mkono. Akafika mbu wa kwanza. Nikamfungua: GIF89a. Nilitamani kumbusu. Nikamwingiza kwa njia ya halali, kupitia menyu ya kuingiza picha, si kwa kumnakili kwenye kivinjari na kumbandika, kwa sababu katika kubandika mara nyingi inayofika ni sura ya kwanza peke yake. Fn na F5, kisha mbele mpaka ya nane. Akatua, akachomeka, akanywa.

Watu wakarudi wakijifuta midomo. Daktari akasimama, akavuta pumzi, slaidi ya nane ikapanda. Mbu akanyonya tumbo likajaa, ukumbi ukaguna kwa kuridhika, na mama mmoja akajikuna mkono. Mgeni rasmi wakati huo alikuwa anatafuta miwani kwenye mfuko wa koti. Alipoivaa, mbu alikuwa amekaa kimya na tumbo jekundu.

"Huyu ameshiba tangu lini?"

"Sasa hivi, mzee."

"Mimi sijamwona akila."

Na kwa itifaki zetu, jambo ambalo mgeni rasmi hakuliona halijatokea.

Agizo la kurudia halikuwamo kwenye GIF ya Wilhite na wenzake. Liliongezwa mwaka 1995 na Netscape, wenye kivinjari ambacho vijana wa leo hata jina hawalijui, na mpaka sasa picha inayojirudia bila kikomo huwa imebeba tumboni mwake maneno NETSCAPE2.0. Huyu wetu hakubeba kitu hicho. Alikuwa mbu mwenye kiasi, mlo mmoja basi. Muda wa kumfanyia upasuaji haukuwapo, na dawa iliyobaki ni ya kienyeji: ukitoka kwenye slaidi kisha ukarudi, picha huanza upya. Nikaweka kidole kwenye mshale. Nyuma, slaidi ya saba, chandarua; mbele, slaidi ya nane, mbu. Kila daktari aliposema "kama mnavyoona", mimi chandarua, mbu, chandarua, mbu. Mtendaji aliyekaa karibu nami alikuwa anaandika kwa bidii. Nikachungulia daftari lake: Chandarua humchelewesha mbu kidogo, kisha anaendelea.

Mada ikaisha kwa makofi ya kweli. Daktari, uso umechangamka, akawaahidi washiriki kwamba kila mmoja ataondoka na nakala ya slaidi zote, kwenye karatasi.

"Na mbu awemo," mgeni rasmi akasisitiza. "Hivyohivyo anavyonyonya."

"Atakuwemo, mheshimiwa. Mtu wetu wa kompyuta atashughulikia."

Katibu muhtasi akaja akainama sikioni kwangu. "Nichapishe za rangi au za kawaida?"

"Za rangi, dada," nikamwambia. "Damu ionekane."