Shemeji Anataka Kahawa

Shemeji alitujia Kipkelion kutoka Mombasa mwezi wa Agosti, amevaa koti la kuazima na soksi pea mbili. Tukampa chai. Akanywa. Tukamwongezea, akanywa. Kikombe cha nne kilipofika, na saa nne ya asubuhi haijagonga, akauliza kwa adabu zote za pwani: "Shemeji, samahani, kahawa haipatikani?"

Nyumba nzima ilinyamaza. Si kwamba hatuna kahawa. Nyuma ya nyumba, shamba linapoteremkia upande wa Fort Ternan, tuna mibuni iliyopandwa kabla sijazaliwa. Tunaipalilia, tunaichuma, tunaipeleka kiwandani, tunangoja malipo, kisha tunayalalamikia malipo. Ila kuinywa! Mwenye duka la misumari hali misumari.

"Ipo," nikasema. "Dakika kumi tu."

Zilikuwa saa tatu. Nilianza na debe la mbuni, yale matunda yaliyokaukia mtini tusiyoyapeleka kokote. Nikaazima kinu kwa jirani, nikatwanga, nikapepeta, maganda yakaniingia masikioni. Zikabaki punje za kijani zisizonukia chochote. Nikazimwaga kwenye sufuria kavu juu ya moto, nikaenda kumfukuza ng'ombe kwenye mahindi. Niliporudi zilikuwa zikialika kama bisi na moshi umejaa jikoni. Majirani wawili walikuwa mlangoni kutupa pole. Punje za chini zilikuwa mkaa, za juu zingali mbichi. Nikazichanganya, kwa hesabu kwamba wastani wake utakuwa kahawa.

Nikatwanga tena. Unga ukawa mwingi, sehemu vumbi, sehemu changarawe. Nusu nikaitia sufuriani, nusu nikaiacha kwenye kifuniko cha kopo, juu ya kigoda kando ya mlango.

Hapo ningeweza kumuuliza shemeji. Alikuwa palepale sebuleni, mtu aliyekulia kwenye baraza za kahawa chungu na kashata. Lakini mwanamume mzima aulize namna ya kuchemsha maji? Nikachemsha kahawa kwa ujuzi nilio nao, yaani kama chai: sufuria, moto mkali, acha ipande, ipulize ishuke, ipande tena, robo saa nzima. Mara ya tatu ilipanda isishuke. Ikazima moto. Iliyosalia nikaipitisha kwenye chujio la chai, lenye matundu ambayo hata maharage madogo hayaoni shida kupita.

Shemeji akapiga funda moja. Akatafuna. Akatabasamu, na meno yake yakawa kama ya mtu aliyekula makaa.

"Ina nguvu," akasema. Kisha akainuka taratibu, akakunja mikono ya koti la kuazima. "Twende jikoni, shemeji."

Kumbe ni kazi ya dakika saba. Maji yakachemka, akayaepua, akatia vijiko viwili vya unga kwa kila kikombe, akakoroga. Akairudisha motoni mpaka povu lilipoanza kuinua kichwa, akaiepua papo hapo. Akanyunyiza maji baridi, kama kijiko kimoja, akaiacha itulie dakika nne bila mtu kuigusa. Machicha yote yakazama. Akaimimina polepole, akaacha tope chini, na haikupita kwenye chujio lolote. Alilalamika kidogo tu kwamba maji yetu hayana moto wa kutosha, nami nikapata pa kujitetea: huku juu, karibu mita 2,000, maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100 kama kwao baharini. Akaniambia basi tumepewa bure kipimo kinachoifaa kahawa, na bado tumeiharibu.

Jioni akataka kupika nyingine. Kifuniko cha kopo kilikuwa kigodani, kitupu, kimefutwa safi. Tukawashuku kuku.

Siku ya tano shemeji alikuwa anaondoka. Mgeni haondoki kwetu bila mursik, maziwa yetu ya kibuyuni, kwa hiyo nyanya yetu, Gogo, akatoa kibuyu alichokitayarisha tangu ile siku ya moshi. Kibuyu hicho husuguliwa ndani kwa unga wa mkaa wa mti wa senetwet kabla ya kutiwa maziwa, na mkaa huo ndio unaoyapa rangi ya kijivu na ladha yake. Gogo akatikisa, akamimina kikombe tele. Kijivu chake kilikuwa na wekundu kidogo.

Shemeji akanywa. Akasita. Akanywa tena, macho yameanza kung'aa.

"Gogo," akasema, "hii sasa ndiyo kahawa."

Gogo akanigeukia. "Kijana, ule mkaa uliouacha mlangoni ni wa mti gani? Tangu jana nionje hicho kibuyu, sijapata usingizi."