Fungua Mdomo, Baba Mkwe

Katika harusi za Dar es Salaam kuna wakati ambapo mtu mzima mwenye akili timamu, tena aliyemaliza mchango wake, hurudishwa utotoni mbele ya ukumbi mzima. Ni pale mshereheshaji anapotangaza zoezi la kulishana keki.

Mwanzo huwa mzuri. Mpishi wa keki anapewa maikrofoni aeleze kazi yake: ghorofa ya chini ni vanila, ya kati machungwa, ya juu chokoleti. Hasemi kwamba hizo mbili za juu ni maboksi yaliyopakwa sukari, ya kukodi, na kesho yana harusi nyingine Mbagala. Hilo maharusi hulijua kisu kinapogoma. Nimemwona bwana harusi mwenye kifua cha jimu akisukuma kisu huku anaitabasamia kamera, jasho linamchuruzika, mpaka mpishi akamsogelea sikioni: “Kata chini, kaka. Keki iko chini.”

Kisha bibi harusi anamlisha mumewe. Mitaani kwetu kulishwa si neno dogo. Mwanamume akionekana anaanika nguo za mkewe, majirani hawaulizi kama anampenda; wanasema amelishwa, na kila mtu anajua kinachosemwa ni limbwata. Sasa bwana huyuhuyu, ambaye akipewa chai ugenini huinusa kwanza, siku hiyo anafumba macho na kupanua mdomo mbele ya mashahidi na mpiga video. Shangazi mmoja tuliyekaa naye meza moja aliniinamia akasema, “Mwenye nia yake amlishe leo. Nani atamshuku?” Sikugusa tena soda yangu.

Lakini kasheshe lenyewe ni wakwe. Wako wazee wengi nchini waliolelewa kwamba mkwe ni mtu wa heshima ya mbali. Baba mkwe akipita, mke wa mwanawe anapisha njia. Chakula chake kinaletwa kimefunikwa, kwa magoti, na aliyekileta anaondoka kabla mzee hajaanza kutafuna. Mtu ameishi hivyo tangu ujana wake, halafu Jumamosi moja anaitwa kwa spika apite mbele, na mkwewe anamsimamishia kijiti chenye keki usawa wa pua. Muziki juu. “Fungua mdomo, baba!”

Mzee mmoja niliyemshuhudia hakufungua. Mshereheshaji akadhani hasikii, akaongeza sauti. Akina mama wakapiga vigelegele vya kumtia moyo. Mzee akakipokea kile kijiti kwa mikono miwili, akafunga keki kwenye leso yake, akaitia mfuko wa koti, akasema, “Ahsante, mwanangu. Nitaila nyumbani.” Akarudi kukaa. Watu walicheka, mimi nilisimama nikampigia makofi.

Nilikuwa na sababu zangu. Niliwahi kuuwakilisha ukoo kama mjomba, na keki ilinifikia nikiwa katikati ya neno “hongereni”. Kijiti kilinichoma ufizi, sukari ikaganda kwenye sharubu, kikohozi chote kikaingia kwenye maikrofoni. Picha ile sasa ni stika katika kundi la WhatsApp la ukoo. Hutumwa nikichelewesha mchango.

Wenye kupenda mambo ya Waingereza wanasema kulishana keki ndio ustaarabu. Sawa. Malkia Victoria alipoolewa mwaka 1840, keki yake ilikuwa na uzito wa takribani kilo 136, na wageni waligawiwa vipande. Vipande vingine havikuliwa kabisa. Vimehifadhiwa hadi leo. Yaani yule mzee wa leso hakukosea kitu.

Wala si lazima twende mbali hivyo. Pwani, kwenye sinia la pilau, mwenyeji akikupenda anakusogezea mnofu upande wako kwa vidole vyake. Ukiutaka unakula, usipoutaka unamsogezea jirani. Mdomo unabaki mali yako. Kwenye kumbi zetu, hata mbuzi wa ndafu, tuliyemchukua kwa Wachaga, analetwa kachomwa mzima na bado ametiwa majani mdomoni. Marehemu, na bado analishwa!

Basi, ndugu washereheshaji, ombi langu ni dogo. Maharusi walishane wapendavyo, kwa kijiti, kwa uma, hata kwa mdomo kama mchungaji hayupo karibu. Wazee wapelekeeni kipande chao kwenye sahani, pamoja na tishu, wale wamekaa na muziki umepunguzwa. Na atakayetaka kwenda nacho nyumbani, mfungieni kwenye foili.