Kupanda Møllehøj: Maonyo kwa Wasiojua

Kilele cha juu kuliko vyote Denmark hakikutaki ununue mitungi ya oksijeni. Kinataka ukitafute. Møllehøj, katika vilima vya Ejer mashariki mwa Jutland, kina mita 170.86 kutoka usawa wa bahari. Lango la Marangu, ambapo mpanda Kilimanjaro bado anasaini daftari na hajatoa hata tone la jasho, liko juu zaidi ya mara kumi.

Kuzoea mwinuko. Si lazima. Ukishikwa na kizunguzungu, jiulize kama ulikunywa chai asubuhi.

Wapagazi. Hawapo. Ukienda na watoto wadogo, mpagazi ni wewe.

Njia. Barabara ya lami itakufikisha Ejer Bavnehøj, penye mnara wa matofali wenye mita 13, uliojengwa 1924 kukumbuka kurudi kwa Schleswig ya Kaskazini mwaka 1920. Wageni hupigana picha hapo, hupongezana, huondoka. Tahadhari: sicho kilele. Kina mita 170.35, na vipimo vya 2005 vilikivua ubingwa kwa sentimita 51, kimo cha goti la mtu mzima. Ukipanda mnara utakuwa juu kuliko kilele chenyewe, lakini hiyo haihesabiwi.

Kileleni. Tembea mita mia kadhaa, mashamba huku na huku. Usiangaze macho juu, angalia miguuni. Kilele ni jiwe la kusagia lililozama kwenye nyasi, mabaki ya kinu cha upepo kilichosimama hapo tangu 1838 hadi 1917. Ukijikwaa, umefika. Simama juu yake utawale nchi nzima, mradi usitaje milima ya Greenland.

Hatari. Barafu haiporomoki, wala chui hayupo. Mwogope mtetezi wa Yding Skovhøj. Kilima hicho cha jirani kinafika mita 172.54, ila juu yake pamerundikwa kaburi la Enzi za Shaba, na kazi ya mikono ya watu haiingii kwenye hesabu. Ukiliondoa zinabaki mita 170.77: kimeshindwa kwa sentimita tisa. Mtetezi atakuuliza udongo ukae miaka mingapi mahali pake ndipo uitwe mlima. Usijibu, maana swali ni zuri kuliko jibu lolote ulilo nalo. Ukimwona anatoa futi kamba mfukoni, aga uende zako.

Kushuka. Utashuka bila kujua kwamba unashuka. Ukiona gari lako, safari imekwisha.

Cheti. Hakitolewi. Nyumbani waambie umefika kilele cha juu cha nchi ya watu na kurudi kabla chai haijapoa. Wakitaka kujua kimo chake, wape kwa sentimita: 17,086.