Tantine wa Kikula Anajibu: Ndoa, Kasiye na Vidanje

Wiki hii kila bahasha niliyofungua ilikuwa na chupa ndani yake. Wachumba, wake na wastaafu, wote wanalia juu ya Simba, ile bia ya Lubumbashi yenye simba kwenye lebo, ambayo hapa Likasi haikosi harusini wala kilioni. Kabla hamjauliza: Brasimba, wanaoitengeneza, hawanilipi, na ini langu ni siri yangu na daktari. Nawajibu kama mwanamke aliyekaa nyuma ya kaunta ya buveti kule Kikula, muda wa kutosha kujua nani aliahidi nini, mbele ya nani.

Tantine, faktire ya mahari imefika. Ukoo wa mchumba wangu unataka mbuzi wawili, suti ya papa, bazini ya mama, mfuko wa chumvi, na kasiye (kreti) kumi za Simba pamoja na tano za Tembo "kwa ajili ya wazee". Mimi ni fundi wa kuchomelea, si mwenye mgodi. Kwani sheria inasema bia ni lazima?
*Mkwe Mtarajiwa, Shituru*

Mwanangu, Sheria ya Familia ya mwaka 1987, kifungu cha 361, inadai mahari, tena inasema ndoa haifungwi kama mahari haijatolewa walau sehemu. Bia haikutajwa. Ukitaka kwenda kwa wakwe na kifungu hicho mkononi, nenda. Ila vaa viatu vya kukimbilia.

Mbuzi wataliwa, suti itachakaa. Kwenye orodha yote hiyo, bia ndiyo inayohesabu watu. Kila mzee atakayekunywa Tembo yako, ile bia nyeusi, ameweka sahihi. Siku mkeo akirudi kwao na sanduku kichwani, yeye ndiye utakayemgongea mlango usiku, na hataweza kusema hakuwepo. Kwa hiyo usibishanie kasiye, bishania majina. Uliza kwa adabu: "Tano za Tembo ni za wazee gani?" Wakikutajia watu wanaoishi hapa na wanaojua kufunga mdomo, lipa. Wakikutajia wajomba wa Lubumbashi, mwendo wa kilomita 120, wanaoonekana nyama inapoiva tu, punguza kasiye mbili bila haya.

Jambo la pili: kubalianeni mapema vidanje, yaani chupa tupu, ni vya nani. Unayoinunua ni bia; chupa na kasiye hurudi depo. Nimeona ndoa changa zikianza na deni la chupa tupu ambazo shemeki alizibeba "kusaidia".

Tantine, wakwe zangu wanatoka Kinshasa kuja kwenye ubatizo wa mtoto wetu wa kwanza. Papa mkwe ametuma neno kwamba hanywi "maji ya Katanga", anataka Primus. Mume wangu alizaliwa hukohuko, lakini amekaa hapa hadi amekuwa Mkatanga kuliko mimi: ameapa Primus haitavuka kizingiti. Mtoto ana miezi miwili na tayari ana vita.
*Mama Mzazi, Panda*

Binti yangu, vita hivyo vimemzidi mumeo umri. Mwaka 1957 Patrice Lumumba, akiwa ametoka gerezani karibuni, alipata kazi Léopoldville ya kuuza bia ya Polar. Mpinzani wa Polar sokoni alikuwa Primus. Kazi hiyo ilimzungusha kwenye mabaa ya mji ule, akajuana na watu, akazoeza sauti yake, na Oktoba 1958 akawa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha MNC. Alikuwa amekwisha kujua kwamba chupa humpa mtu wasikilizaji.

Papa mkwe naye anajua. Anaposema Primus, hasemi habari ya ladha. Anauliza kama ukoo wake una kiti kwenye meza ya mjukuu. Mjibu kwa vitendo: weka bia zote mbili. Papa yako amfungulie mkweo Primus, mkweo amfungulie papa yako Simba, na kila mmoja amalize glasi aliyomiminiwa na mwenzake kabla ya neno la siasa kutajwa. Mumeo, kwa kuwa aliapa juu ya kizingiti, apitishe Primus dirishani. Mtoto apewe ziwa.

Tantine, mume wangu alikuwa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali. Wakati wa départ volontaire, kuacha kazi kwa hiari, alichukua hela akafungua buveti. Hadi leo mteja wa kwanza asubuhi ni yeye, na wa mwisho usiku ni yeye. Wenzake wa zamani wanakuja, wanaelezana habari za mitambo iliyokufa, wanaondoka bila kulipa. Nimefanya likelemba, mchango wa zamu, mara ngapi kujaza friji hiyo! Nifunge?
*Mke wa Mwenye Baa, Likasi*

Mama, usifunge kwanza. Elewa ulichonacho ndani ya nyumba.

Kati ya 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango huo, kwa fedha za Benki ya Dunia. Likasi, Kolwezi na Lubumbashi zilijaa watu wenye hela mkononi kwa mara moja na bila la kufanya kesho yake. Na kazi ile haikuwa mshahara tu. Tangu enzi za Union Minière, kabla haijawa Gécamines, kampuni ilitoa nyumba, unga wa bukari, shule ya watoto na kitanda cha hospitali. Mtu wa namna hiyo akifiwa na kaka yake, tunakaa naye kilioni, tunamletea bia na viti. Alipofiwa na kazi, alipewa bahasha. Hakuna aliyekaa naye hata usiku mmoja.

Buveti yenu, Mama, ni kilio kisichofungwa. Kifunge kama tunavyofunga vilio. Chagua Jumamosi. Ita wenzake wote wa mtamboni, pamoja na wake zao. Weka kasiye moja ya Simba, isizidi. Kila mmoja aseme alifanya kazi gani, miaka mingapi, na msimamizi wake alikuwa nani. Nyinyi wake mseme mliyoyapika mwezi ambao mshahara haukufika. Kasiye ikiisha, matanga yameondolewa. Kuanzia Jumatatu papa anahamia nyuma ya kaunta, bia zake zinaandikwa kwenye daftari kwa jina lake kamili kama za mteja mwingine, na ufunguo wa friji unalala kwenye kitenge chako. Mdaiwa akiona jina la mwenye duka kwenye orodha ya madeni, huona haya kubisha.

Tantine, tulioana 1991. Mimi ni wa hapa, papa wa mume wangu alitoka Kasaï kuja kufanya kazi migodini. Siku ya harusi ilibaki chupa moja ya Simba haikufunguliwa. Watu wa Kasaï walipofukuzwa, tulilala stesheni ya Likasi tukingoja treni, na nyumba tuliiacha ilivyo. Tuliporudi baada ya miaka, jirani alituletea chupa ile. Aliifukia chini ya unga. Mume wangu anataka tuinywe siku ya ukumbusho wa ndoa. Mimi naogopa.
*Mama wa Mapacha, Kakontwe*

Unaogopa vizuri, dada yangu. Bia si divai. Hewa hupenya kidogo kidogo kwenye kizibo, kimea hupoteza utamu, na baada ya miaka hiyo yote mtakunywa ladha ya karatasi iliyolowa. Tumbo la mumeo si la 1991.

Lakini usiimwage. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu walikaa katika stesheni ile na kwenye mashule, wengine miezi, wakiwa na watoto na magodoro, wengi wao wazaliwa wa hapahapa. Wengine hawakufika walikokuwa wakienda. Mji ulioona hayo haupendi kuyasimulia. Chupa yenu inayasimulia, na tena inasimulia jambo jingine: kwamba nyumba ya pili kulikuwa na mtu mmoja aliyekataa kuwa kama wengine.

Basi nunueni Simba mpya, baridi. Ya zamani ikae katikati ya meza, imefungwa. Na anayeketi kiti cha heshima siku hiyo si padri wala mbunge. Ni jirani mwenye unga. Mwambie mumeo ammiminie kwa mkono wake, akisema mbele ya mapacha kwa nini.

Majibu mafupi

*Papa Mwenye Fahari, Kikula:* Hongera kwa diploma ya kijana. Ametimiza miaka 18? Mpe glasi moja mbele ya mama yake. Bado? Poda aliyomwagiwa kichwani inatosha.

*Bibi Harusi Asiyetaka Kelele, Panda:* Pigeni "Masanga" ya Mwenda Jean Bosco. Hugh Tracey aliirekodi hapahapa mwaka 1952, mji ukiitwa Jadotville. Gitaa moja. Wageni watalazimika kusemezana.

*Shemeki Anayefungua Chupa kwa Meno:* Mwandikie daktari wa meno.

*Aliyeitambua Buveti Yake, Likasi:* Ndiyo, Papa, ni wewe. Hapana, sitamtaja aliyeandika, hata kama mnalala kitanda kimoja. Jumamosi nitakuja kwenye kilio cha kazi yako na kiti changu mwenyewe. Simba yangu iandikwe kwenye daftari. Nitalipa kabla sijaondoka, kwa sauti, ili wenzako wajifunze.