YAH: Msiba wa Mama wa Chai, ukurasa wa 198

Kwa Ndugu Mkurugenzi wa Uchapishaji,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote nakupongeza kwa kutoa kitabu cha 7, ambacho ndicho cha mwisho, cha Inspekta wetu. (Jina lake silitaji. Wapo ambao bado wako kitabu cha 4, nao wana haki ya kuumia zamu yao ikifika.) Jalada zuri, karatasi nzito. Gundi imeshika barabara. Kilichoachia ni hadithi.

Miaka 11 tumemfuata huyu mtu. Kitabu cha kwanza nilikinunua kando ya njia pale Posta, jalada limefungwa kwa selotepu. Cha 5 nilikisoma usiku kucha kwa tochi ya simu, umeme umekatika, mke wangu ananiuliza kama asubuhi nina mtihani. Leo mnatuambia muuaji ni pacha wa Kamishna, aliyekuwa Ulaya tangu utotoni. Pacha! Vitabu 6 hakuna aliyemtaja, hata mama yake mzazi. Haya. Tumemmeza, kama tulivyowameza mapacha wa wapelelezi wengine waliotangulia.

Asiyemezeka ni Mama wa Chai. Ndiye aliyemnasa mtia sumu kitabu cha 3, kwa kuona tu kwamba mteja amekoroga chai mara tatu na hajaionja. Upelelezi wote ulifanyika pale kibandani kwake, kwenye benchi la mbao, kati ya sufuria na kopo la iliki. Sasa fungua ukurasa wa 198. Inspekta anapita kibandani, anakuta pamefungwa, tunaambiwa mama alishafariki, na kabla ya nukta tumeshahamia kwenye gari. Marehemu nusu sentensi. Gari sentensi mbili, na rangi yake.

Kwa hiyo tunaomba ofisi yako igharamie msiba. Hatutaki makubwa: turubai moja, viti vya plastiki 100 (vitarudi 94, tunajuana), na spika isiyokwaruza. Daftari la rambirambi alishike mhasibu wako, na jina la kwanza liwe la ofisi yako, kiasi kisomeke. Chai iwe ya iliki, kila mfiwa akoroge mara tatu ndipo anywe. Kisha mwandishi mwenyewe asimame asome wasifu wa marehemu: alizaliwa wapi, aliugua nini, nani alimuuguza, ameacha watoto wangapi. Akikwama tutamsubiri, pilau itakuwa bado jikoni. Tutampa na mkono wa pole, maana inaonekana hata yeye msiba huu hakupata taarifa.

Usione tunazusha. Mwaka 1975, Agatha Christie alipomuaga Hercule Poirot, gazeti la New York Times lilimwandikia tanzia ukurasa wa mbele, mtu wa kubuni! Na mwisho ule Christie aliuandika wakati wa Vita Kuu ya Pili, akaufungia miaka zaidi ya 30. Arthur Conan Doyle naye alimtosa Sherlock Holmes kwenye maporomoko mwaka 1893. Wasomaji wakaja juu, na 1903 akamrudisha akiwa mzima. Wenzenu walijua wanamzika nani. Ninyi mlikuwa mnawahi maonyesho ya vitabu, mkamwambia mwandishi afunge, afunge tu, hawa watanunua. Na kweli tulinunua. Kwa hela ya gesi. Mmekula miaka yetu 11, mwisho mkatutupia makapi na kuyaandikia bei.

Niwie radhi, ndugu. Kalamu imeteleza.

Maombi mengine ni madogo. Neno "kusisimua" lifutwe jalada la nyuma. Pacha akatiwe tiketi arudi Ulaya. Sura 3 za mwisho apewe mtu aliyesoma zile za mwanzo.

Kwa kikao cha maandalizi nipo siku yoyote isipokuwa Jumapili.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mfiwa

N.B. Ule ufunguo wa kitabu cha 2, uliokutwa mdomoni mwa maiti. Ulikuwa wa mlango gani?