Nani Kafuta Sifuri?

Jeshi la Marekani nalionea wivu, wala si kwa ndege zake. Nalionea wivu kwa sababu likicheza vita kwenye kompyuta, inajulikana nani kashika nini.

Michezo hiyo si ya watoto. Programu moja inaendesha meli, nyingine ndege, nyingine mawimbi na mvua, kila moja imetungwa na mafundi wake, na zote zinatakiwa zione bahari ileile. Mwaka 2000 kanuni za kuziunganisha zikawa kiwango rasmi, IEEE 1516. Ndani yake mna sheria iliyonikosha: kila sifa ya kitu, mathalani mahali meli ilipo, ina mwenyewe mmoja tu kwa wakati mmoja. Wengine mnasoma. Ukitaka kuibadilisha, omba ukabidhiwe, na makabidhiano yapitie kwenye mfumo.

Sasa njooni kwenye kamati yetu ya harusi, ambayo mimi ndiye katibu wake, Mungu anisaidie. Orodha ya ahadi iko kwenye faili la pamoja, kila mjumbe analifungua kwa simu yake. Jumapili mjomba wa bwana harusi kaahidi 200,000. Jumatano nakuta 20,000. Nauliza kwenye grupu: nani kafuta sifuri? Kimya. Mweka hazina anasema kaikuta hivyohivyo. Mwenyekiti ana nakala yake, “Michango ya Mwisho Kabisa 2”, na humo mjomba hayumo kabisa!

Kiwango kingine cha miaka ya 1990, DIS, ni kikali zaidi. Katika matoleo yake ya awali, kifaru kilichosimama tu hutoa taarifa kila baada ya sekunde 5. Kikinyamaza sekunde 12, wenzake wanakihesabu hakipo. Kwa sheria hiyo ningebaki kamatini na mama mpishi peke yake.

Msidhani hao nao ni malaika. Mwaka 2002 walifanya zoezi la Millennium Challenge, dola milioni 250, watu zaidi ya 13,000, wengine porini, wengine kwenye kompyuta. Adui alichezwa na Paul Van Riper, luteni jenerali mstaafu, mzee mjanja: ujumbe akaupeleka kwa pikipiki redio zisinaswe, kisha akashusha makombora na boti ndogo. Meli 16 za Marekani chali. Wakubwa wakaamuru zielee tena, mchezo ukaendelea, na Van Riper akasusa uongozi.

Aibu, naam. Lakini ripoti ya jeshi lenyewe ilikuja kukiri kwa maandishi kwamba upande wa adui ulibanwa hadi ushindi wa Marekani ukawa umepangwa. Waliiba mchezo, wakaacha karatasi.

Wajumbe, sitaki hata mkiri. Kuanzia Jumamosi anayerekebisha ahadi aandike jina na tarehe pembeni, la sivyo mtafuteni katibu mwingine.